Fimbo ya Marehemu na Njia ya Chooni: Kutumia Kifaa cha Kutembelea Nyumbani

Mgonjwa akiingia na fimbo katika chumba chetu cha tiba ya viungo, mimi hutazama chini kabla sijamtazama usoni. Nautafuta ule mpira wa nchani. Ukiwa umelika upande mmoja, najua fimbo huikanyagisha kwa kuilaza, mbali na mwili. Ukiwa haupo kabisa, na mahali pake pana kipande cha ndala kilichofungwa kwa kamba ya nailoni, basi namuuliza taratibu ameanguka mara ngapi. Wengi hujibu "sijaanguka" huku wakimtazama aliyewaleta.

Kuna mama mmoja aliletwa na binti yake, miezi mitatu baada ya kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Hakuletwa kwa ajili ya mguu. Alilalamikia bega la kulia, ule upande mzima, kwamba linamwaka usiku kucha. Nilipomsimamisha jibu lilionekana bila kipimo chochote: fimbo ilikuwa ya marehemu mumewe, mtu mrefu, na kila alipoishika bega lilipanda karibu na sikio. Nikasema tuikate. Binti akasita, maana ilikuwa ukumbusho wa baba. Mama akamkatisha: "Kata, mwanangu. Baba yenu angeikata mwenyewe." Tukatoa sentimita saba kwa msumeno, tukavisha mpira mpya.

Nalisimulia hili kwa sababu vifaa vingi ninavyoviona vimerithiwa, vimeazimwa kwa jirani au vimenunuliwa dukani bila mwenyewe kuwapo. Nia huwa njema, ila kifaa hakikupimwa kwa mwili wa anayekitumia, wala kwa nyumba anamoishi.

Kupima fimbo hakuhitaji hospitali. Mzee avae viatu anavyovaa ndani, asimame wima kadiri anavyoweza, mikono ining'inie. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hapo ndipo kishikio kinapotakiwa kufika. Akiishika, kiwiko kikunjike kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30 hivi. Vishikio vya fremu ya kutembelea, ile wengi wanayoiita woka, hupimwa vivyo hivyo. Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ukae kwenye viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana neva zinazopita hapo, na nimeona vijana waliovunjika mguu wakija na mkono uliokufa ganzi, kiganja hakinyanyuki.

Fimbo hushikwa mkono gani? Karibu kila familia hukosea hapa. Hushikwa mkono ulio kinyume na mguu mgonjwa. Goti la kulia likiuma, fimbo iko kushoto, na huenda mbele pamoja na mguu wa kulia. Watu huona ajabu, kwani akili inasema nguzo ijengwe palipo na ufa. Lakini unaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya nyonga ya upande huo ndiyo inayozuia kiuno kisianguke upande wa pili, nayo huvuta kwa nguvu nyingi. Fimbo ikiwa upande ule mwingine inakishika kiuno kule kinakotaka kuangukia, na nyonga inapata nafuu. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka.

Fremu ina mtego wake. Mtu anayetaka kuinuka kitini huishika na kujivuta. Fremu haina uzito. Inamfuata, na anarudi chini nayo kifuani. Mikono isukume kiti au godoro kwanza, asimame, kisha ndipo ashike fremu, mkono mmoja baada ya mwingine. Kiti cha plastiki kisicho na mikono hakimfai mtu huyu hata kidogo. Jambo jingine ni kwamba fremu inachukua mikono yote miwili, kwa hiyo kikombe cha chai hakibebeki. Nimeona kinamama wakitembea na kikombe mkono mmoja na fremu mkono mmoja kwa kuona haya kumsumbua mkwe. Funga kapu jepesi mbele ya fremu, weka chupa yenye kifuniko, na hapo anajipelekea chai yake mwenyewe. Fremu yenye magurudumu huteleza vizuri kwenye marumaru, ila uani penye mchanga huzama. Na ambaye mkono mmoja umepooza asinunuliwe fremu ya kawaida, hataweza kuiinua.

Kiti mwendo kinataka uangalifu zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 80 duniani wanakihitaji, na wengi wao hawana. Ukikipata, jaribu upana: viganja vyako vilivyonyooka vipite kwa kubana kidogo kati ya nyonga na pembeni mwa kiti. Kiti kipana sana humpinda mgongo. Mtu asiyesikia maumivu makalioni, kwa mfano aliyeumia uti wa mgongo, ajiinue kwa mikono au ajiegemeze pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila jioni ngozi itazamwe. Wekundu usiotoka baada ya kupumzika, au kwa ngozi nyeusi, eneo linalobaki jeusi zaidi, lenye joto au gumu, ni kidonda kinachoanza. Asilikalie tena mpaka aonwe. Chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa kurekebisha viti hivi na viungo bandia, kwa hiyo hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe inaweza kuwa na mtu anayejua kazi hiyo.

Sasa nyumba. Kabla ya kununua chochote, chukua futi ya fundi upime mlango wa choo. Kiti mwendo cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 60 hadi 70, na vidole vya anayejisukuma navyo vinataka pa kupita. Penye kizingiti, mteremko wa saruji uwe na urefu mara 12 ya kimo chake: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Mafundi wengi huujenga mfupi ili kuokoa saruji, na matokeo yake hakuna anayeupanda peke yake. Mkeka uliokunjika ncha, waya wa feni na ndoo mlangoni viondoke njiani.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote. Familia huchukua kiti cha plastiki, wakakitoboa katikati, wakakiweka juu ya tundu. Sakafu ikilowa, miguu ya kiti hicho hupanuka na kuteleza. Mpe kazi fundi wa kuchomelea: kiti cha chuma, miguu iliyotanuka kwa chini na yenye mipira, kimo cha kumwezesha mzee kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili akiwa amekaa. Halafu bomba la kushika ukutani. Kabla fundi hajaja, mkalishe mwenyewe, mwambie anyooshe mkono wake wenye nguvu pale anapotamani kushika, na utie alama ya chaki hapo. Bomba lifukiwe ndani ya tofali, lisipigiliwe kwenye plasta.

Usiku, mzee aamke, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja, kwani presha hushuka mtu anapoinuka ghafla. Tochi na fimbo viwe upande wa mkono mzima, mahali wajukuu hawachezei. Kopo lenye kifuniko karibu na kitanda si aibu. Kwa umri ule, nyonga ikivunjika saa nane usiku inaweza kumlaza moja kwa moja.

Wapo watoto wanaomnyima mzazi fimbo kwa upendo: "Kaa, baba, tutakubeba." Misuli isiyotumika hunyauka haraka, na baada ya majuma machache kweli hawezi tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 20 inazungumzia mtu kwenda atakako kwa uhuru kadiri iwezekanavyo. Asiye na uwezo wa kununua kifaa amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake.

Na mkija kliniki, msije na mgonjwa peke yake. Njooni na fimbo yenyewe, ndala zenyewe anazovaa nyumbani, na karatasi yenye upana wa mlango wa choo.