Mchoro wa radi usoni mwa David Bowie haukuwa vazi la jukwaani

Wengi huamini kwamba David Bowie, mwanamuziki wa roki wa Uingereza aliyebadilisha mwonekano wake mara kwa mara, alikuwa akipanda jukwaani akiwa na mchoro wa radi nyekundu na buluu usoni, na kwamba mpigapicha alimnasa tu alivyokuwa. Sivyo. Mchoro ule ulibuniwa mwezi Januari 1973 katika studio ya Brian Duffy jijini London, kwa ajili ya jalada la albamu ya Aladdin Sane iliyotoka Aprili mwaka huohuo, na Bowie hakuupaka katika maonyesho yake ya wakati ule.

Mpambaji Pierre Laroche ndiye aliyeupaka, Duffy akapiga picha, kisha msanii Philip Castle akaongeza kwenye picha, kwa brashi ya hewa (kifaa cha kunyunyizia rangi), lile tone la maji lililo juu ya mtulinga, ambalo halikuwapo mbele ya kamera. Kwa hiyo picha hii, inayochukuliwa kuwa ushahidi wa maisha ya jukwaani, ni kazi ya mikono kadhaa, na kwa maoni yangu Duffy anastahili sifa kubwa kuliko anayopewa.

Anayetaka kumwona Bowie wa jukwaani atazame picha za Mick Rock, aliyefuatana naye kwenye ziara za 1972 na 1973. Humo kuna duara la dhahabu kwenye paji la uso, wala si radi.