Manyuo au otomatiki kwenye gari la spoti: unachagua nini hasa?

Mwaka 2013 Porsche walitoa 911 GT3 mpya isiyo na pedeli ya klachi. GT3 ni lile toleo la 911 la watu wanaopeleka gari kwenye uwanja wa mbio, wanalichosha, kisha wanarudi nalo nyumbani. Tangu toleo la kwanza la 1999 lilikuwa la manyuo tu. Hoja ya kiwanda ilikuwa rahisi: PDK, giaboksi yao ya otomatiki, inabadili gia haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote, na gari la mbio kazi yake ni kukimbia. Wapenzi wake wengi wa siku zote walinuna. Mwaka 2016 kampuni ikatoa 911 R, magari 991 tu, yote ya manyuo, na muda si mrefu yakawa yanauzwa mkono wa pili kwa bei kubwa kuliko ile ya kiwandani. Mwaka uliofuata GT3 ikarudishiwa gia za mkono kwa anayezitaka.

Kwa upande wa saa, hakuna tena ubishi. GT3 ya 2021 yenye PDK inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4. Ya manyuo, yenye injini ileile, inachukua sekunde 3.9. Ya manyuo ni nyepesi kwa kilo 17, na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 320 kwa saa dhidi ya 318, lakini hakuna anayeinunua kwa ajili ya kilomita mbili hizo. Nusu sekunde kwenye mbio ni pengo la kutisha. Anayechagua manyuo leo anajua fika kwamba anachagua gari linaloachwa nyuma, na bado yuko tayari kutoa fedha.

Gia zenyewe zipo kwa sababu injini ya petroli haina nguvu sawasawa wakati wote. Injini ya GT3 hiyo, ya lita 4.0, inafikia nguvu farasi 510 ikizunguka mara 8,400 kwa dakika, na mwisho wake ni 9,000. Kwenye mizunguko 2,000 ni injini ya kawaida tu. Kazi ya giaboksi ni kuiweka injini pale inapopenda kuwa, huku magurudumu yakienda kwa kasi yoyote ambayo barabara inataka. Gia ya kwanza inazidisha msukumo na kutoa kasi ndogo. Kadiri unavyopanda gia, msukumo unapungua na kasi inaongezeka. Hayo ni sawa kwa kila giaboksi. Tofauti inaanza kwenye swali la nani anaamua kubadili, na kwa njia gani injini inaachanishwa na magurudumu wakati wa kubadili.

Kwenye manyuo mwamuzi ni wewe, na kiachanishi ni klachi: sahani iliyobanwa kati ya flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, na presha pleti inayoikandamiza. Ukikanyaga, mbano unaachia na injini inabaki inazunguka peke yake. Unaingiza gia nyingine, unaachia klachi, vinashikana tena. Kila dereva aliyejifunzia gari la manyuo anajua hilo. Ugumu, na hasa utamu, uko kwenye kushusha gia ukiwa unaingia kona kwa kasi.

Chukua gari lenye nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, uko gia ya nne, kona inakuja na inataka gia ya pili. Ukishusha na kuachia klachi ghafla, injini iliyokuwa imetulia inalazimishwa kupanda mizunguko kwa mkupuo. Nguvu ya kuipandisha inatoka kwenye magurudumu ya nyuma, ambayo yanakabwa kwa ghafla wakati uzito wa gari umeshahamia mbele kwa sababu ya breki. Hapo ndipo mkia unapotaka kutangulia. Dawa yake ni mguu wa kulia kufanya kazi mbili: sehemu ya mbele inaendelea kukanyaga breki, na ukingo wa mguu huohuo unagonga pedeli ya mafuta kidogo klachi ikiwa bado chini, ili injini ipande yenyewe ifikie mizunguko ambayo gia mpya inaihitaji. Ukipatia, gia inaingia bila gari kushtuka. Ukikosea, abiria wote wanajua.

Kazi hiyo ya miguu ndiyo inayopendwa. Nissan 370Z iliyotoka mwishoni mwa 2008 ilikuja na kompyuta inayogonga mafuta kwa niaba ya dereva wa manyuo, na magari mengi ya spoti ya baada yake yana kitu kama hicho. Kwa bahati nzuri mara nyingi kuna kitufe cha kukizima.

Upande wa pili ndiko watu wanakochanganya mambo. Neno otomatiki linabeba mashine ambazo hazifanani hata kidogo, na mtu anayeuliza "manyuo au oto?" bila kuuliza oto ipi anaweza kununua gari ambalo silo alilokuwa analifikiria.

Ya zamani zaidi ni ya torki konveta. Hapa injini na giaboksi hazigusani moja kwa moja: feni moja inasukuma oili, oili inazungusha feni ya pili. Ndiyo maana gari la namna hii linaweza kusimama kwenye taa likiwa limeingizwa gia na lisizimike. Kwa miaka mingi wapenda spoti waliidharau, na walikuwa na haki: gia nne, uvivu, na hisia kwamba umekanyaga mafuta lakini gari bado linafikiria. Mambo yalibadilika ZF, kampuni ya giaboksi ya Ujerumani, ilipoleta giaboksi yake ya gia nane mwaka 2009. Feni zinafungwa pamoja mapema, gia zinabadilika haraka, na oili inabaki na kazi ya kulainisha mwanzo tu. BMW waliipa M5 ya 2017 giaboksi ya aina hiyo na kuacha ile ya klachi mbili waliyokuwa wakiitumia, ambayo tutaifikia hapa chini. Toyota GR Supra ilizinduliwa mwaka 2019 ikiwa na hiyo pekee. Mwaka 2022 wakaongeza manyuo, kwa sababu wanunuzi hawakuacha kuiulizia.

Ya pili ni manyuo iliyonyang'anywa dereva. Klachi ni moja ileile, gia ni zilezile, ila pampu na kompyuta ndizo zinazokanyaga na kuingiza, nawe unaamuru kwa vibao viwili nyuma ya usukani. Asili yake ni mbio: dereva Nigel Mansell alishinda mbio za Brazil mwaka 1989 na Ferrari ya kwanza ya Formula 1 yenye vibao hivyo. Mwaka 1997 teknolojia ikashuka barabarani kwenye Ferrari F355. Uwanjani ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho inapendeza. Mjini, kwenye mwendo wa pole, kila gia inapobadilika kichwa kinatikiswa mbele na nyuma. Soko limeshatoa hukumu: Ferrari za miaka ile, kama F430, zenye rungu la gia linalopita kwenye bati lenye nafasi zilizokatwa, leo zinauzwa ghali kuliko pacha wao wenye vibao, ambao zamani ndio walioonekana wa kisasa.

Na vibao si lazima viwe mwisho wa safari hata kwenye mbio. Magari ya daraja la juu ya mashindano ya dunia ya rali, yaliyoanza kutumika 2022 na ambayo watu huyaona Naivasha kila Safari Rally inapofika, yalirudishwa kwenye rungu la kuvuta na kusukuma, gia tano, ili kupunguza gharama. Si manyuo kama ya gari la nyumbani, lakini mkono umerudi kazini.

Ya tatu ndiyo iliyoua hoja ya kasi: klachi mbili. Moja inashika gia za 1, 3, 5 na 7, nyingine za 2, 4 na 6. Ukiwa gia ya tatu unaongeza mwendo, gia ya nne imeshaingizwa tayari upande wa pili, inangoja. Kubadili ni klachi moja kuachia wakati nyingine inashika, kama mbio za vijiti ambapo mpokeaji ameshaanza kukimbia kabla kijiti hakijamfikia. Msukumo haukatiki. Porsche waliijaribu kwenye magari yao ya mbio ya 956 na 962 miaka ya 1980, lakini gari la kawaida la kwanza kuuzwa nayo kwa wingi lilikuwa Volkswagen Golf R32 ya 2003. Nissan GT-R ya 2007 ilikuja nayo tu, na Porsche 911 ikaipata mwaka 2008: ndiyo ile PDK tuliyoanza nayo. Chevrolet Corvette ya sasa haina manyuo kabisa.

Udhaifu wa klachi mbili ni foleni. Gari linapotambaa mita tatu na kusimama, kompyuta inalazimika kuiachia klachi nusunusu, inasuguana, na joto linapanda. Dereva wa manyuo anajua kusubiri nafasi iwe kubwa ndipo asogee. Kompyuta haiwezi kukisia foleni ya jioni ya Dar es Salaam au Nairobi. Torki konveta haijali, kwani kusuguana kwake ni kwa oili na oili hupozwa. Kwa mtu atakayelitumia gari lake la spoti kwenda kazini kila siku, ningemwelekeza huko bila kusita, hata kama marafiki zake watamcheka.

Iko na ya nne, ya mkanda au mnyororo unaopanda na kushuka kati ya puli mbili bila gia halisi. Inapunguza matumizi ya mafuta, lakini injini inalia sauti moja ndefu wakati gari linashika kasi, na kwenye gari la spoti hilo ni kero. Naitaja kwa sababu wanaoagiza Subaru kutoka Japani wanakutana nayo: WRX S4 iliyoanza kuuzwa huko 2014 ilikuwa na aina hii pekee, wakati WRX STI ya wakati uleule ilikuwa na manyuo ya gia sita pekee. Kwenye picha ya mnada, magari hayo mawili yanafanana sana kwa asiye mzoefu.

Watengenezaji nao huwa wanapendelea upande. BMW M3 iliyozinduliwa 2020 ya manyuo ina nguvu farasi 480. Ile ya Competition, ya otomatiki tu, ina 510 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 650 badala ya 550. Toyota Altezza RS200, ambayo bado inapendwa sana kwetu, ilitoka Japani ikiwa na farasi 210 kwa manyuo ya gia sita na 200 kwa otomatiki. Enzi zile mwenye kutaka nguvu zote alichukua manyuo. Sasa ni kinyume.

Maoni yangu ni kwamba watu wengi wanaiweka manyuo kwenye gari lisilostahili. Kwenye GT3, gia ya pili peke yake inakupitisha kilomita 100 kwa saa. Barabarani utatumia gia mbili, halafu unakuwa umevunja sheria, na ile kazi tamu ya mikono na miguu inaisha kabla haijaanza. Kwenye Mazda MX-5, gari la tani moja hivi lenye injini ndogo, unapanda na kushuka gia saa nzima bila kuhatarisha mtu. Ipeleke barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kona juu ya kona, na kila kona ni uamuzi wako. Gari lenye nguvu kidogo linahitaji gia sahihi ili liende, kwa hiyo dereva ana kazi ya kweli. Gari lenye farasi 500 litakusamehe gia yoyote, na hapo klachi mbili inakuachia akili yote kwa usukani na breki, ambavyo kwa mwendo ule unavihitaji zaidi.

Leseni pia iangaliwe. Kenya, daraja la B1 ni la gari dogo la otomatiki, hivyo aliyefanyia mtihani huko hana ruhusa ya kuendesha manyuo.

Halafu matengenezo. Klachi ya manyuo ni kifaa kinacholika, na fundi mzuri wa mtaani anaweza kuibadilisha. Klachi mbili inataka kompyuta ya kuipima, oili yake maalumu na fundi aliyekwisha kuifungua nyingine kabla ya yako. Kwenye ile ya gia sita ya Volkswagen oili hubadilishwa kila kilomita 60,000, na gari la mtumba lisilo na kumbukumbu ya kazi hiyo linastahili kushushwa bei au kuachwa. Ukinunua manyuo ya mtumba, jaribu hivi: nenda kwa gia ya nne ukiwa mwendo wa kilomita 50 hivi, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ukiruka juu wakati mwendo haupandi, klachi inateleza. Hesabu gharama ya klachi mpya kabla ya kukubaliana bei, na muulize muuzaji gari lilikuwa linaendeshwa na nani, kwa sababu magari ya spoti mara nyingi hupita mikononi mwa watu wanaojifunzia kuondoka kwa fujo.