Simba mwenye meno ya mtu: sanamu za kutisha kwenye viwanja vya watoto

Simba wa simenti mwenye meno ya mtu, twiga mwenye kope ndefu kama bibi harusi, sungura aliyetoa macho: nasari nyingi za Kampala, Entebbe na Jinja zina wanyama wa namna hii getini au kando ya bembea. Sisi tunaoshughulikia malezi na usalama wa watoto huulizwa na wazazi kama sanamu hizo zinawaharibu watoto. Ubaya wa sura peke yake haumdhuru mtoto. Lakini sura iliyokuwa nzuri ikaanza kutisha, hiyo ichunguzeni, kwa sababu mara nyingi inaeleza kinachoendelea ndani ya simenti.

Fundi hukunja nondo apate mifupa ya mnyama, huzungushia waya wa kuku, kisha hukandika simenti tabaka juu ya tabaka. Mwili hutoka vizuri tu. Kazi huharibikia usoni. Kuchonga jicho kwenye simenti inayokauka si kazi ndogo, kwa hiyo macho na meno huachiwa brashi, na mwenye brashi huchora anachokijua: meno yaliyopangika ya binadamu, na macho yanayotazama mbele, yenye weupe kuzunguka mboni yote. Kwa binadamu, weupe huo huonekana hivyo anaposhtuka. Ndiyo maana ukimtazama twiga yule unahisi kuna mtu mwenye hofu anakukodolea macho.

Mwaka 1970 Masahiro Mori, profesa wa roboti wa Japani, aliandika kwamba kadiri kitu kinavyofanana na mtu ndivyo tunavyozidi kukipenda, mpaka kinapokaribia kabisa kuwa mtu bila kufika. Hapo mwili husisimka na kutaka kukikimbia. Ila msisimko huo ni wetu zaidi sisi wakubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 uliwaonyesha watoto roboti mbalimbali, na walio chini ya miaka 9 hawakuiona roboti inayofanana sana na mtu kuwa ya kutisha kuliko ile iliyo mashine tupu. Basi maama anayeshtuka getini asidhani kwamba mwanawe anaona anachokiona yeye.

Mtoto mdogo ana hofu yake nyingine: hofu ya kitu kugeuka. Mwaka 1969 mtafiti Rheta De Vries alichapisha jaribio alilofanya na paka aitwaye Maynard. Watoto walimshika kwanza, kisha paka akavalishwa kinyago cha mbwa mkali, mkia na miguu ya nyuma ikiendelea kuonekana muda wote. Wengi wa miaka 3 waliamini kwamba sasa ni mbwa. Wa miaka 6 wengi walijua kwamba ni paka yuleyule. Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 anayelia akimwona mtu aliyevaa vazi la simba kwenye sherehe ya kuzaliwa hana deko. Sanamu ina nafuu, kwa kuwa haisogei. Mwacheni aizunguke, aiguse mguu, aondoke, arudi siku nyingine. Kumkalisha kwa nguvu mdomoni mwa mamba ili apigwe picha ndiko kunakoacha kovu, na wazazi wengi hufanya hivyo huku wakicheka.

Wala kutishwa kidogo si jambo geni kwetu. Watoto wa Buganda wamesimuliwa na majajja, yaani bibi na babu zao, habari za Walumbe, yule wa kifo, ambaye ndugu yake Kayikuuzi alikaribia kumkamata mahali paitwapo Ttanda, watoto wakapiga kelele na Walumbe akatokomea ardhini. Yerusalemu kuna zimwi kubwa jeupe na jeusi lililojengwa mwaka 1972 na msanii Niki de Saint Phalle. Limetoa ndimi tatu nyekundu, na watoto huteleza juu yake. Waliopinga walisema litawatisha watoto. Msanii akashikilia kwamba vitu vya kutisha humsaidia mtoto kuushinda woga. Mimi niko upande wake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Sasa turudi kwa simba wetu. Akianza kutoka michirizi ya kahawia chini ya jicho, inayofanana na machozi ya damu, maji ya mvua yameifikia nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma simenti kutoka ndani mpaka ipasuke, kisha sikio au taya hudondoka na ncha ya nondo hubaki nje, pengine kwenye kimo cha uso wa mtoto. Kwa mvua zetu za misimu miwili, ufa mdogo haubaki mdogo. Gongeni sanamu kwa kipande cha mti: panapolia kama kitu kitupu ndani, simenti imeachana na waya. Hapo pazibwe kwa kamba watoto wasipande mpaka fundi abomoe sehemu mbovu, asugue chuma na kukandika upya. Kupaka rangi juu ya ufa ni kuficha ugonjwa.

Na rangi yenyewe ina neno. Rangi za mafuta, hasa nyekundu na njano zinazong'aa, huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo huathiri ubongo unaokua, na mtoto huyapata kwa kulamba vidole vilivyoshika magamba ya rangi. Mnaponunua rangi mpya ulizeni iliyopimwa kuwa na risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa.

Ile ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu. Ilowesheni kwanza, tandikeni turubai chini, kwangueni wakati wa likizo, na magamba yote yakusanywe na kufungwa vizuri. Yasifagiliwe kwenye mchanga wa bembea wala yasichomwe na takataka nyingine.