Kiti mwendo cha marehemu hakimfai kila mtu

Tanga likishaanuliwa, nguo hugawiwa, vyombo hugawiwa, na mwishowe mtu huuliza: "Na hiki kiti je?" Jibu ni lile lile, Mbagala mpaka Tegeta: "Tafuteni mlemavu yeyote mumpe, iwe sadaka kwa marehemu." Nia ni njema. Kuamini kwamba kiti mwendo kinamfaa yeyote asiyetembea ndiko kunakoumiza watu, na nimechoka kubishana juu ya jambo hili misibani.

Kiti hupimwa mwilini. Upana wa siti ni upana wa nyonga. Kina chake ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha unapunguza sentimita 3 hadi 6. Pedali, yaani vikanyagio vya kuwekea miguu, hupangwa mtu akiwa amekalia mto wake na amevaa viatu vyake vya kila siku. Siti ikiwa pana, mtu ataegemea upande mmoja, mgongo utapinda taratibu, na mabega yatauma kwa kuzitafuta rimu za kusukumia huko nje. Ikiwa ndefu, ukingo wake utambana nyuma ya magoti. Atateleza mbele ili aukwepe, na hapo uzito wake utakuwa umehamia kwenye kifandugu. Pedali zikiwa juu mno, magoti yanapanda na uzito wote unashukia mifupa miwili ya makalio.

Mifupa hiyo ndiyo ninayoipigania. Aliyeumia uti wa mgongo, au aliyezaliwa na mgongo wazi, mara nyingi hasikii kitu pale. Sisi tukikaa vibaya tunajisogeza bila hata kujua. Yeye hapati hiyo taarifa. Damu inazuiwa kati ya mfupa na siti, na ngozi inaweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Vitabu husema tazama wekundu usiofifia unapobonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona. Tafuta sehemu iliyokolea weusi kuliko ngozi ya pembeni yake, yenye joto, au ngumu ukiipapasa. Kidonda kikifika mfupani na vijidudu vikaingia kwenye damu, mtu anaweza kufa.

Kwa hiyo mto wa marehemu usigawiwe, hata kama kava lake ni jipya. Sponji imeshalala kwa umbo lake. Na mto mpya nao ujaribiwe: mtu akae, ingiza vidole chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikitazama juu. Ncha za vidole zikicheza juu na chini walau milimita 5, salama. Zikitoka kwa urahisi lakini hazichezi, ni onyo. Zikibanwa hadi uzivute kwa nguvu, mto huo haufai.

Kuna jambo hapa linaloninyima raha. Mwongozo wa viti mwendo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 ulitaka mtu apimwe, ajaribishiwe kiti na afundishwe kabla hajaondoka nacho. Naukubali wote. Lakini mtu anayetambaa kwenye mchanga wa Gongo la Mboto, nikimwambia asubiri kipimo chake, nimempa nini? Ninachofuata ni hiki: akiwa anasikia makalio yake na anaweza kujiinua, kiti kilichozidi upana wa nyonga zake kwa sentimita 3 namruhusu, pembeni tunaziba kwa sponji ngumu. Asiyesikia, simruhusu, hata kama familia imeshakileta kiti juu ya bajaji. Sina hakika kwamba mstari huo ni wa haki. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo kuwekwa kwenye kiti cha mtu mzima na kuzungushiwa mito, hapo sijadili.

Sasa kumkumbuka marehemu mwenyewe. Kiti cha miaka mingi kina habari ambazo wasifu unaosomwa msibani huziruka, kwa kuwa wasifu hutaja ugonjwa, kisha "amepumzika". Tazama breki ya kulia: imeongezwa kipande cha bomba, kikafungwa kwa mpira wa tyubu, maana mkono ule haukuwa na nguvu. Pedali moja imepandishwa kuliko nyingine. Chini ya siti kuna mfuko ulioshonwa kwa turubai, ukubwa wa simu na kitambulisho. Huyo ni mtu aliyefikiri, akajaribu, akatengeneza. Piga picha za vitu hivyo kabla hujaosha kiti, muulize aliyekuwa akimsaidia kila kimoja kiliwekwa kwa nini, uandike, na wasomeeni watu siku ya arobaini. Kisha fundi avitoe, kwa kuwa kilichomsaidia yeye kitamkwaza mwingine.

Na tafadhali, jina la marehemu lisipakwe rangi mgongoni mwa kiti. Mpokeaji hapaswi kuzunguka mjini na tangazo la msiba wa watu wengine.

Kinachobaki ni kumpeleka mpokeaji pamoja na kiti kwa mtaalamu wa fiziotherapia au fundi aliyesomea viti mwendo. TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kule Moshi, imefundisha kazi hii. Pima pia mlango wa choo cha anayepokea: kiti cha siti ya sentimita 45 kwa kawaida huzidi sentimita 60 nje kwa nje.

Asipopatikana wa kipimo hicho, kifunguliwe kiwe spea: magurudumu ya mbele, bearingi, breki, tyubu. Spea zinazomrudisha barabarani mtu ambaye kiti chake kimekwama ndani ni sadaka kamili. Matairi yafungiwe kikaratasi chenye namba ya pili iliyoandikwa ubavuni (kipenyo cha rimu kwa milimita, kama 540 kwenye 25-540), si "inchi 24" peke yake. La kiti mwendo mara nyingi ni 540, la baiskeli ya mlimani ya inchi 24 ni 507, na moja haliingii kwenye rimu ya jingine.