Kome "wa asili" ni wa asili ya wapi?

Zikitoka habari za watu wanaojitolea kuhesabu kome wa asili (wanyama wa majini wenye magamba mawili, kama chaza) kwenye vijito vya mijini, hakosi mtu wa kudhani "wa asili" maana yake ni wasiofugwa kisasa, kama tusemavyo kuku wa kienyeji. Sivyo. Spishi ya asili ni ile iliyofika mahali bila kubebwa na binadamu. Basi.

Linaloniudhi zaidi ni hoja ya muda: "Mbona hawa tumewakuta?" Sangara nao wengi wetu tumewakuta Ziwa Victoria, ilhali waliingizwa humo miaka ya 1950. Sangara huyohuyo akiwa Ziwa Albert ni wa asili, hana wa kumuuliza. Kwa hiyo jina hilo halimwelezi mnyama peke yake. Lazima utaje na maji aliyomo.

Sasa twende Portland, Marekani, ambako kijito cha Johnson Creek hukatiza vitongoji kwa kilomita 40 hivi kabla ya kumwagika mto Willamette. Katika vijito vya aina hiyo mhesabuji huingia majini na ndoo yenye kitako kinachoonyesha, akachungulia chini. Anaweza kukuta kome wadogo wa Kiasia, Corbicula fluminea, ambao walionekana mto Columbia tangu 1938. Babu wa mtu amewakuta, na bado ni wageni.

Tofauti hii si ya makaratasi. Margaritifera falcata, kome wa asili wa pande hizo, watoto wake lazima wajishikize kwanza kwenye matamvua ya samaki wa jamii ya samoni ndipo wadondoke na kuanza maisha kwenye sakafu ya kijito. Samaki wakizuiwa kupanda kijito, uzazi unakatika. Na kwa kuwa kome huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 100, wazee watupu wanaweza kuendelea kuhesabiwa miaka na miaka, watu wakadhani mambo ni shwari. Ndiyo maana wahesabuji makini hupima urefu wa gamba: wanatafuta wadogo. Corbicula hahitaji samaki yeyote. Huwaachia watoto wake majini wakajitegemea.

Kwa hiyo ukiona vigamba vidogo vya pembetatu, vyenye matuta yaliyopangana, vimejaa kwenye mchanga, viandike, ila safu yake ni ile ya wageni.