Kuacha dawa za kifua kikuu baada ya kuombewa si kipimo cha imani

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aliyeombewa akapata nafuu, akiendelea kumeza vidonge, anamtilia Mungu shaka. Dhana hiyo ni potofu, na inagharimu maisha. Matibabu ya kawaida huchukua takriban miezi 6. Ndani ya wiki chache kikohozi hupungua, jasho la usiku hukoma na hamu ya kula hurudi, ilhali bakteria wangali mapafuni, nao, dawa zikikatizwa, huweza kuzaliana upya, kuwa sugu na kuwafikia hata wale wanaoketi na mgonjwa ibadani.

Maandiko yenyewe hayatenganishi sala na tiba. Mfalme Hezekia alikwisha kuahidiwa uponyaji, lakini bado nabii Isaya aliagiza jipu lake liwekewe mkate wa tini (2 Wafalme 20:7). Wenye ukoma 10 nao Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), ambao kwa mujibu wa Torati ndio waliochunguza na kuthibitisha kwamba mtu amepona. Leo kazi hiyo hufanywa na kipimo cha makohozi, na mchungaji anayemhimiza muumini amalize dozi na kusubiri majibu ya maabara kabla ya kutoa ushuhuda, kwa maoni yangu, anafuata utaratibu uleule.