Sera ya afya haipikwi Dodoma peke yake

Jamani leo kwenye hiace ya Kibosho nimesikia tena yale maneno, eti sera ya afya wanapanga wataalamu Dodoma, sisi wananchi tunaletewa tu. Sio kweli, na inaniuma maana wanaoamini hivyo ndo hawaendi kwenye mikutano.

Chukua sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada uliingia bungeni 2022, wadau wakatoa maoni, asasi za kiraia zikiwemo, swali kubwa likawa wasio na uwezo watalipiwa na hela ipi, ukarudi kufanyiwa kazi na ukapita Novemba 2023.

Alafu huku chini kila zahanati inatakiwa iwe na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na tangu 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaochangia wafadhili, zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, kwahiyo kamati inakaa na mganga mfawidhi wanapanga kinunuliwe nini, na mipango hiyo ndo inaingia kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Kwetu mama mmoja alisimama mkutanoni, mtoto mgongoni, akasema chumba cha kujifungulia hakina pazia, watu wakipita dirishani wanaona kila kitu. Kimyaa. Mwenyekiti akaandika kwenye daftari, na baada ya miezi kadhaa pazia likawekwa, la bluu, nimeliona mwenyewe.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, nendeni muulize na hela za zahanati.